VTI, BND na bondi ya Nairobi: uzoefu wangu wa kujiwekea uzee

Nina miaka 52. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Lowell, Massachusetts, na kwetu ni Kisauni, Mombasa. Kazi hii imenionyesha uzee kwa karibu. Kuna bibi mmoja aliyekuwa na chumba chake peke yake, redio yake dirishani. Akiba ilipomwishia alihamishiwa chumba cha watu wawili, na ile redio ikabaki kwenye katoni chini ya kitanda kwa sababu mwenzake hakutaka kelele. Tangu siku ile nikawa nasoma habari za ETF, mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni, saa tisa za usiku, kati ya mzunguko mmoja wa kuwageuza wazee vitandani na mwingine.

Haya basi ni maoni ya mtumiaji. Mimi si mshauri wa fedha, na anayetafuta njia ya kutajirika kabla ya Krismasi amebisha mlango wa jirani.

Kabla ya ETF niliumwa na nyoka. Kijana mmoja wa kwetu, suti safi, maneno matamu, alikuja mpaka sebuleni kwangu akaniuzia bima ya maisha aliyoiita “pensheni yako ya siri”. Dola 300 kwa mwezi, miaka mitatu, jumla dola 10,800. Nilipotaka kutoka niliambiwa kuna ada ya kuvunja mkataba, nikarudishiwa pesa zisizotosha hata tiketi mbili za kwenda nyumbani. Karatasi zilisema hivyo tangu mwanzo, ukurasa wa kumi na kitu. Sikusoma. Tangu hapo nikisikia neno “mshauri” naogopa hata ung'ongo.

Mwaka 2016 nikafungua Roth IRA, akaunti ambayo unaweka pesa iliyokwisha kukatwa kodi, na ukishapita miaka 59 na nusu unachota mtaji na faida bila kudaiwa. Mwaka ule kikomo cha kuweka kwa mwaka kilikuwa dola 5,500. Kufikia 2024 kilikuwa 7,000, na sisi tuliopita 50 tukaongezewa 1,000. Kitu cha kwanza kuweka humo kilikuwa VTI.

Kwa asiyejua: ETF ni mfuko wa pamoja unaonunuliwa na kuuzwa sokoni kama hisa yoyote. VTI ni kapu la kampuni zaidi ya 3,000 za Marekani, kubwa na ndogo, bila bwana mkubwa wa kukaa ofisini akichagua ipi itashinda. Mfuko niliokuwa nao kazini ulikuwa ukinikata karibu asilimia 1 kwa mwaka, yaani dola 100 kwa kila 10,000, soko lipande au lianguke. VTI inakata asilimia 0.03. Dola tatu. Nilipoona tarakimu ile nilidhani wamekosea nukta. Wazo lenyewe si jipya: Jack Bogle alianzisha mfuko wa fahirisi, yaani unaofuata orodha ya soko badala ya kuchagua washindi, kwa watu wa kawaida mwaka 1976, wakubwa wa Wall Street wakamcheka. Baadaye niliongeza VXUS, ambayo ni hisa za nchi nyingi nje ya Marekani, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa nje ya Marekani na sina imani kwamba nchi moja itaongoza mbio milele. VTI naipa nyota tano. VXUS naipa nne, maana kwa miaka mingi imenitia uvivu wa kuifungua, ingawa siiachi.

Kwenye BND ndipo nilipolipa karo ya shule.

BND ni ETF ya bondi za Marekani, yaani madeni unayonunua ili ulipwe riba: serikali, mikopo ya nyumba, kampuni zenye sifa nzuri. Gharama yake nayo ni asilimia 0.03, na gawio linaingia kila mwezi. Kila nilikosoma waliniambia ndiyo sehemu tulivu ya akiba, hisa zikichafuka yenyewe inatulia. Nikaamini mno. Mwanzoni mwa 2021 nikachukua dola 4,000 za ada ya chuo ya kijana wangu, pesa niliyojua nitaihitaji mwaka unaofuata, nikaziweka BND katika akaunti ya kawaida. Nilijiona mwerevu kuliko benki.

Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kupambana na mfumuko wa bei. Machi riba ilikuwa karibu na sifuri, kufikia Desemba ilikuwa imepita asilimia 4. Hisa zikaanguka, na bondi nazo zikaanguka pamoja nazo. Mwaka ule BND ilipoteza kama asilimia 13. Mwisho wa Agosti nikiwa chumba cha mapumziko, chai imepoa, niliuza. Dola 4,000 zilitoka karibu 3,400, ukiacha vigawio vidogo nilivyokwisha kula. Kilichobaki cha ada nilikilipa kwa zamu za ziada, na mgongo wangu unakumbuka.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuibiwa. Chukulia una vyumba vya kupangisha Kisauni na mpangaji amesaini miaka sita kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwaka unaofuata mtaa mzima unapangisha kwa 8,000. Kodi yako bado inaingia kila mwisho wa mwezi, hakuna aliyekudhulumu. Lakini ukitaka kuiuza nyumba leo, mnunuzi atakuuliza mkataba wa mpangaji, akiuona tu anashusha bei. Bondi ya zamani yenye riba ndogo iko hivyo hivyo. Na kuna tarakimu inayokwambia itashuka kiasi gani, wenyewe huiita duresheni. Ya BND huwa karibu 6: riba za soko zikipanda kwa asilimia 1, bei yake inashuka kama asilimia 6. Imeandikwa wazi kwenye ukurasa wa mfuko. Nami sikusoma, kwa mara ya pili maishani.

Pesa ya mwaka kesho haikai kwenye kitu cha miaka sita. Siku hizi pesa ya karibu naiweka SGOV, ETF ya hati za Hazina ya Marekani za chini ya miezi mitatu. Bei yake haiyumbi kwa kiasi cha kuninyima usingizi, na riba ya serikali kuu haitozwi kodi ya jimbo, jambo lenye uzito kwa sisi wa Massachusetts. BND nyingine niliyokuwa nayo ndani ya Roth sikuigusa. Riba mpya zilipozidi kuingia, gawio la mwezi likaanza kunenepa, kama mpangaji wa zamani anapohama na mpya akaingia kwa 8,000. Naipa nyota tatu na nusu. Nusu nimeikata kwa hasira.

Niongeze kimoja wasichokisema sana watu wetu: TIPS, bondi za Hazina ambazo mtaji wake unapanda pamoja na mfumuko wa bei. Nilinunua kidogo ile inayoiva Februari 2040, kwa kuwa 2040 ndio mwaka nitakaotimiza 67, umri wa kupokea pensheni kamili ya serikali kwa sisi tuliozaliwa 1960 na kuendelea. Inachosha kama kungoja wali uive, na kwa pesa ya uzee huo ndio uzuri wake.

Shemeji yangu hataki kusikia habari za bondi. Riba ni riba, anasema, na mimi sibishani naye kwenye dini. Yeye anatumia SPUS kwa hisa na SPSK, ambayo ni ya sukuk, hati za Kiislamu zinazoshika nafasi ya bondi. Zinafuata sharia, ila gharama yake ni karibu nusu asilimia, mara kumi na zaidi ya zangu. Amekubali kuilipa kama gharama ya kulala kwa amani. Nami nikikumbuka Agosti 2022 nashindwa kumcheka.

Lakini aliyenigeuza akili zaidi ni mdogo wangu aliyebaki Mombasa. Mwaka 2017 alinunua M-Akiba, bondi ya serikali ya Kenya, kwa simu, shilingi 3,000 tu, riba asilimia 10, bila kodi. Nikamwona kama mtoto anayecheza duka. Miaka ikapita, siku moja kwenye simu namhesabia dola zangu, akaniuliza, “Dada, lakini wewe utazeekea wapi?”

Nikamwambia nyumbani, inshallah.

“Sasa sukari ya Kongowea utanunua kwa VTI?”

Nilicheka, kisha usiku kucha nikawa nafikiria. Kila kikokotoo cha kustaafu nilichotumia kiliniuliza umri, mshahara, ni lini nitaacha kazi. Hakuna hata kimoja kilichoniuliza nitakula kwa sarafu gani. Mtu atakayezeekea Lowell na atakayezeekea Kisauni hawawezi kuwa na bondi zilezile, hata wakiwa na umri mmoja na mshahara mmoja. Hisa za dunia zinawafaa wote wawili. Ila ile sehemu ya kukulisha miaka ya kwanza soko likichafuka, hiyo inapaswa kulipa kwa pesa utakayoitumia dukani.

Basi Januari 2024, dola ikiwa kama shilingi 160, nikajisajili DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya wa kununulia hati za serikali mtandaoni, nikiwa huku huku. Kinachotakiwa ni akaunti ya benki Kenya, na hapo ndipo niliposhikwa. Benki moja huko nyumbani ilinirudishia fomu mara tatu kwa sababu ya sahihi. Mara ya tatu nilisaini kama nilivyokuwa nikisaini nikiwa na miaka 20, ikapita. Nikawahi bondi ya miundombinu ya Februari, muhula wa miaka minane na nusu, shilingi 300,000. Mnada ukafunga kwa asilimia 18.4607, bila kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla riba haijakufikia. Agosti ujumbe wa benki ukaingia nikiwa nasukuma kiti cha magurudumu: riba ya nusu mwaka, shilingi 27,691. Nililazimika kusimama kwenye korido. Na kwa kuwa dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, shilingi zile zilinunua dola nyingi kuliko nilivyopanga.

Msikimbilie, jamani. Riba ya 18 haitolewi kwa mapenzi. Miezi ile soko liliogopa kwamba Kenya ingeshindwa kulipa Eurobond, bondi yake ya kigeni, ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024, mpaka serikali ikanunua sehemu kubwa mapema, Februari hiyo hiyo. Aliyepeleka dola 2019 zikiwa kama shilingi 103 alikuta Januari 2024 shilingi yake imepoteza zaidi ya theluthi moja. Na waulizeni wastaafu wa Ghana: serikali yao ilipobadilisha madeni ya ndani kati ya 2022 na 2023, wazee waliokuwa wakiishi kwa riba za bondi waliketi nje ya wizara ya fedha Accra na mabango. Ndiyo maana bondi za nyumbani haziruhusiwi kuvuka asilimia 15 ya akiba yangu, hata mdogo wangu akilia.

Kuna na habari ya kodi, ambayo wauzaji wa mitandaoni huiruka. “Bila kodi” maana yake bila kodi Kenya. Ukiwa mkazi wa Marekani kikodi, IRS, mamlaka ya kodi ya huku, inataka riba yako ya dunia nzima, na akaunti zako za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unajaza FBAR, fomu ya kutangaza akaunti za nje. Nilikuwa pia na vijipesa kwenye mfuko wa soko la fedha wa Nairobi. Mama anayenifanyia hesabu za kodi alivua miwani, akaniambia mifuko ya pamoja ya nje inaingia kwenye kanuni za PFIC, kanuni za kodi za uwekezaji wa nje, ina fomu yake nambari 8621, na bei yake ya kuijaza ingekula faida yote. Nikaufunga. Bondi ninayoishika moja kwa moja haina balaa hilo.

Kufikia leo hisa ni asilimia 60 hivi, VTI na VXUS. Dola za bondi, yaani BND, TIPS na SGOV, ni 27 au 28. Kilichobaki kiko Nairobi. Naangalia mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, kwenye karatasi ya kawaida, na ile kalamu ya yule kijana wa bima ndiyo ninayoandikia. Angalau hiyo alinipa bure.

Mdogo wangu alinipigia Jumapili, kuna mnada mwingine, tuingie? Nimemwambia tungoje. Malipo ya mwisho ya bondi yetu yatakuja Agosti 2032 na tumeshaanza kuyagombania: yeye anataka tuezeke upya nyumba ya mama, mimi nataka chumba cha chini, kisicho na ngazi, chenye dirisha pana la kuwekea redio.