Crisis on Infinite Earths: nunua, lakini kagua gundi kwanza

Mashabiki wa katuni hapa Kisumu hawaishi kubishana: historia ya shujaa ikishajaa mikanganyiko, mwandishi aifute au aikarabati? Kitabu hiki, chenye matoleo 12 ya DC, kampuni ya katuni ya Marekani, ya 1985 hadi 1986, hutumiwa kama ushahidi na pande zote mbili.

Chanzo ni hadithi ya 1961 iliyokutanisha Flash wawili, mashujaa wenye kasi ya ajabu, kutoka dunia mbili. Dunia zikazidi kuongezeka, wasomaji wapya wakapotea. Katika kitabu hiki mwandishi Marv Wolfman akaziunganisha zikawa moja, naye George Pérez akachora umati wa mashujaa, ukamtambua kila mmoja hata akiwa mdogo kama ukucha. Kifo cha Supergirl, binamu wa Superman, sura ya 7, kinauma kweli.

Kasoro ilikuja kwenye utekelezaji. Superman na Wonder Woman walianzishwa upya, lakini Hawkman, shujaa mwenye mabawa, akaendelea na historia yake ya zamani. Katuni ya Hawkworld ya 1989 ikampa mwanzo mpya ilhali alishaonekana na wenzake baada ya dunia kuunganishwa. Sasa yule wa awali alikuwa nani? Hadithi ya Zero Hour ya 1994 ikawachanganya Hawkman wote kuwa mmoja, fujo ikazidi. Kwangu mimi, ukifuta, futa wote kwa pamoja. La sivyo acha.

Ukipata nakala ya mitumba yenye jalada jepesi, ifungue katikati kabla ya kulipa: joto na unyevu wa ziwa hulegeza gundi, kurasa zikang'oka. Hesabu sura zote 12. Mgeni wa DC asianzie hapa; aanze na ile ya 1961.