Uzoefu wangu: nilivyopeleka kichwa cha treni ya mfano kwa fundi wa Katwe, Kampala

Kichwa changu cha treni kilitoka Uingereza ndani ya soksi. Shangazi alikitia humo kisivunjike, na kweli hakikuvunjika nje. Ubovu ulikuwa ndani. Ni shanta ya dizeli, yaani kichwa kidogo cha kupangia mabehewa stesheni, yenye magurudumu sita na fimbo za kuyaunganisha, kipimo cha 1:76, maana yake treni halisi ni kubwa mara 76. Ukiiwasha inalia tak, tak, tak, kisha inagoma.

Kwanza niliipeleka kwa jamaa mmoja fundi wa simu mjini. Akaimwagia oili ya pikipiki mpaka ikatiririka kwenye kaboni za mota, akanitoza elfu kumi na kuniambia imepona. Haikufika hata mwisho wa meza.

Ndipo nikaelekezwa Katwe, kwa fundi mwenye mashine ndogo ya kerezo. Anatoka Arua, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili tangu salamu. Kilichonivutia ni kwamba hakukimbilia bisibisi. "Mzee, kwanza nione ikitembea." Sikuwa nimebeba transfoma, lakini treni hizi zinatumia volti 12 za umeme wa moja kwa moja (DC), sawa na betri ya boda boda. Akaazima betri ya boda iliyokuwa imeegeshwa nje, akagusisha nyaya mbili kwenye kipande cha reli nilichokuja nacho. Tak, tak. Akageuza nyaya, ikarudi nyuma, sauti ileile. "Inalia mara moja kila gurudumu likizunguka. Si mota hiyo, ni gia ya ekseli."

Alikuwa sahihi. Gia ya plastiki ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kati ya meno mawili. Plastiki ikizeeka husinyaa, ekseli ya chuma haisinyai, basi gia inapasuka. Nilidhani ataipaka gundi tu. Kumbe alichomoa gurudumu moja, akaifunga ekseli kwenye kerezo na kuipitishia msasa laini, kidogo kidogo, akiijaribisha gia kila mara mpaka ufa ukajifunga wenyewe bila kulazimishwa. Gundi ikaja mwisho, tone moja kwa ncha ya sindano. Kazi hiyo naipa alama zote.

Tatizo likaja kwenye kurudisha gurudumu. Katika shanta ya namna hii, pini za fimbo upande wa kulia na wa kushoto zinapishana robo ya mzunguko, na ekseli zote tatu lazima zifuate pembe hiyohiyo. Yeye alirudisha kwa jicho. Treni ikachechemea kama mtu mwenye mwiba unyayoni, ikakwama. Nikamweleza. Hakubisha, siku ya pili nilikuta amechonga mifereji miwili kwenye kipande cha chuma, akalaza ekseli nzima kama kipimo na ile mbovu kando yake, akazilinganisha pini ndipo akagandamiza. Hapo ikateleza.

Gharama: shilingi 40,000. Aliahidi siku mbili, zikawa kumi na moja. Ukienda, usimpelekee kitu unachokitaka kesho.

Sasa rangi. Nilitaka damu ya mzee, ile ya vichwa vya EAR, shirika la reli la Afrika Mashariki, kwa sababu baba alianza kazi reli enzi hizo, kabla shirika halijavunjika 1977, akastaafia karakana ya Nalukolongo. Najua shanta hii si ya kwetu. Hata reli yake haisemi kweli: upana ni milimita 16.5, ukizidisha kwa 76 unapata 1,254, wakati reli ya Uingereza ni 1,435 na yetu ni 1,000. Haiko kwao, haiko kwetu. Basi kama ni uongo, acha uwe wa rangi ninayoipenda.

Fundi akanipeleka kwa jirani yake anayepuliza rangi matangi ya pikipiki. Huyo alichovya kitambaa kwenye thina kali na kuanza kufuta rangi ya zamani kabla sijamaliza kusema kwamba hiyo ni plastiki. Kona ya ngazi ikalainika na kukunjamana papo hapo. Nikamnyang'anya. Nyumbani niliendelea kwa spiriti na mswaki, taratibu, nikamrudishia ikiwa safi. Kazi yenyewe ya kupuliza ameiweza: koti nyembamba tatu, hakuna mchirizi. Lakini nambari za pembeni aliandika kwa mkono, na tarakimu ya mwisho imeinama mbele kama inatafuta sarafu chini. 25,000 nyingine hizo.

Shughuli za gia na ekseli nitarudi kwa yule wa kerezo bila kusita. Nambari nitaandika mwenyewe. Ile kona iliyokunjamana sikuiziba. Watoto wanasema shanta iligonga ng'ombe huko Tororo, na mimi sijawasahihisha.