Gundi ya tepu kwenye zulia la ukumbi: dawa ya machungwa nimeikubali

Nianze na jibu kwa wenye haraka: dawa ya kuondoa gundi yenye mafuta ya maganda ya machungwa inafanya kazi, na kwa gundi ya tepu ya kijivu sijapata nyingine inayoifikia. Ila inataka kusuuzwa sawasawa, na wengi wanaosema ni mbovu wameishia njiani.

Ninasimamia usafi kwenye ukumbi wa kukodisha hapa Dar es Salaam. Leo semina, kesho send-off, keshokutwa harusi, na kila shughuli mafundi wa muziki wanalaza nyaya sakafuni na kuzibana kwa tepu. Usiku wanaibandua harakaharaka, gundi inabaki. Viyoyozi vikizimwa joto linapanda, gundi inalegea na kuzama kwenye mashina ya nyuzi. Ikishakanyagwa siku kadhaa, unapata mstari mweusi kutoka jukwaani hadi kwenye soketi. Weusi wenyewe ni vumbi la viatu lililonasa.

Gundi ya tepu hii kwa kawaida ni ya mpira, ndiyo maana maji na sabuni haviifanyi kitu. Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, inasaidia kwenye baadhi ya tepu za kufungia maboksi, lakini gundi hii ya mpira inailainisha juu juu tu. Dawa ya machungwa ina limonini, kiyeyusho kilichomo kwenye mafuta ya maganda ya machungwa, na limonini huyeyusha gundi za mpira.

Naimimina kwenye kitambaa cheupe, kamwe simwagi juu ya zulia. Zulia letu ni la vigae, yaani vipande vya zulia vinavyobandikwa sakafuni, juu nailoni, mgongo plastiki ya PVC. Dawa ikizama hadi chini inaweza kulegeza gundi inayoshika kigae, kisha kona zinaanza kunyanyuka. Nakandamiza kitambaa, naacha dakika chache, halafu nakwangua taratibu kwa kijiko butu kutoka pembeni kuja katikati. Utaona gundi inajikusanya kuwa vijipira vya kijivu, unaviokota kimoja kimoja. Brashi ngumu weka mbali, maana nyuzi zikishafumuka hazirudi.

Sasa kusuuza. Mafuta yakibaki yanadaka vumbi upya na mstari uleule unajitokeza tena. Natumia maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kisha maji matupu, kisha taulo kavu mpaka lisinyonye unyevu tena. Kazi hii inachukua muda kuliko kutoa gundi yenyewe, na mwenye haraka asiianze.

Nisichokipenda ni harufu, kali kwenye ukumbi uliofungwa, kwa hiyo fungua madirisha na vaa glavu kwa sababu ngozi ya baadhi ya watu inawashwa. Tena inashika moto: mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi joto 48 hivi. Watu wa chakula wakishawasha majiko madogo ya kupashia chakula cha bufee, chupa inarudi stoo.

Bei yake iko juu ya spiriti, na najua wapo wanaokimbilia petroli au thina. Nawasihi, acheni. Petroli ndani ya jengo ni kuomba moto, na thina inaweza kulainisha mgongo wa PVC ukaharibika kabisa. Hata hii ya machungwa, ijaribu kwanza kwenye kona iliyojificha.

Kwa alama mpya, imetoa zote safi. Zile za siku nyingi zimebaki na kivuli hafifu kwenye vigae vichache, tukavibadilisha na vya chini ya jukwaa. Na kwenye mkataba wa kukodi ukumbi tumeongeza sharti: nyaya zibanwe kwa tepu ya gafa, ile ya kitambaa wanayotumia wapiga filamu, na itolewe usiku uleule.