Steshenari ya nyuma ya stendi, Moshi: wamechapa Kigiriki changu bila kudondosha hata alama moja

Miaka mitatu hii nimeprinti kazi za chuo Moshi na Arusha, na sijawahi kuandika neno kuhusu duka la kopi. Leo naandika kwa sababu ya kitabu kilicho mezani kwangu: gamba gumu jeusi, kurasa zimeshonwa kwa uzi, na ndani kuna kitabu cha 1 cha Iliadi ya Homeri, shairi la kale la vita vya Troya, kwa Kigiriki, mistari yote 611.

Nasoma theolojia, mwaka wa tatu. Chuo kiko upande wa Arusha, nyumbani ni Moshi. Kigiriki kwetu tunasoma kwa ajili ya Agano Jipya, na wengi wakishafaulu mtihani hawakigusi tena. Mimi na wenzangu wawili tulimwomba mwalimu atuvushe hadi kwa Homeri. Akakubali, kila Alhamisi jioni, bila malipo yoyote. Shida ikawa vitabu. Kuagiza nje kimoja chenye maelezo ni kodi yangu ya chumba ya mwezi mzima. Maandishi yenyewe, lakini, yamewekwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani. Nikakaa wiki mbili nikayapanga: mistari 10 kwa ukurasa, kurasa 62, na mkabala wa kila ukurasa nafasi nyeupe ya kuandika tafsiri yangu ya Kiswahili. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nafasi nyeupe nimeiweka kushoto.

Mara ya kwanza nilipeleka duka jingine, silitaji. Nilirudi nyumbani na kurasa 62 zilizojaa visanduku. Neno la kwanza kabisa la shairi, Μῆνιν, ghadhabu, lilikuwa na tundu katikati. Nilipolalamika nikaambiwa, "Dada, si zinasomeka? Hizo alama za juu hazina kazi." Nililipa, nikaondoka, na barabarani machozi yalinitoka. Kwa asiyesoma lugha hii labda ni jambo dogo.

Zina kazi kubwa. Chukua neno ὄρος, mlima. Geuza kile kijimkia kilicho juu ya herufi ya kwanza, andika ὅρος, nalo linakuwa mpaka. Ni alama ya pumzi tu, inayoonyesha kama neno linaanza kwa "h" au la. Kwenye Mathayo 5:1 Yesu anapanda mlimani. Ukichapa kisanduku pale, msomaji atabaki kubahatisha alipanda wapi. Inasimuliwa kwamba alama hizi zilibuniwa Aleksandria, Misri, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, na Aristofane wa Bizantio aliyesimamia maktaba ya pale. Wakati huo Kigiriki kilikuwa kimesambaa kwa watu ambao hawakuzaliwa nacho, na walihitaji kuonyeshwa sauti ipande wapi na ishuke wapi. Kwa hiyo alama hizi ziliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Ugiriki yenyewe ilipunguza alama katika maandishi ya leo mwaka 1982, lakini vitabu vya kale bado vinachapwa nazo zote.

Sasa duka lenyewe. Ukitokea stendi kuu ya Moshi, pita mtaa wa nyuma, utaliona lina mlango wa bluu na bango lisilo na jina, limeandikwa STESHENARI, KOPI, BAINDI basi. Ndani kuna kijana kwenye kompyuta na mzee mmoja anayebaindi kwa mikono. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza nimeleta nini. Nikamwonyesha kurasa zangu za visanduku. Alivaa miwani, akaziangalia muda mrefu, kisha akamwita kijana.

Kijana alifungua faili langu la Word, akasema kompyuta yake haina fonti ya herufi zile, ndiyo maana zinageuka visanduku. Kama kwangu zinaonekana vizuri, nigeuze faili liwe PDF hukohuko kwenye laptopu yangu, fonti zikiwa ndani yake, halafu nimletee. Ushauri wa dakika mbili, tena wa bure. Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Kabla ya kuchapa zote alitoa ukurasa mmoja wa majaribio, akaniomba niukague. Nikamweleza habari ya mlima na mpaka. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe kama ng'oa na ngoa. Ukitoa ritifaa umeharibu." Nimekaa darasani miaka mitatu na sijapata mfano mzuri kuliko huo.

Baada ya hapo kila ukurasa uliotoka alikuwa akiuinua kwenye mwanga wa mlangoni na kuniuliza, "Huu mlima au mpaka?" Hasomi Kigiriki hata herufi moja, lakini alikuwa anatazama alama. Wino ulipoanza kufifia, ile iota ndogo ("i" ya Kigiriki) inayokaa chini ya herufi ikawa haionekani kwenye kurasa saba. Aliziona kabla yangu. Akabadilisha katriji, akazichapa upya, na hakunidai.

Mzee alinishauri nisibaindi kwa gundi peke yake. Kitabu cha kusomea, alisema, kinafunguliwa kila siku na gundi inavunjika; yeye angeshona kwanza. Kazi yake ilichukua siku mbili. Ukikilaza mezani kinabaki wazi, hakijifungi, nami naandika mikono yote ikiwa huru. Nilipokwenda kukichukua nilimwambia kwamba vitu viwili anavyouza kila siku, karatasi na kalamu, majina yake yalitufikia kupitia Kiarabu lakini mizizi yake ni Kigiriki, khartes na kalamos. Alishika kalamu ya buluu kutoka kwenye kopo, akaitazama, akasema taratibu, "Kwa hiyo tulikuwa tunaijua siku zote."

Gharama: kuchapa shilingi 100 kwa ukurasa, yaani 6,200, na kushona pamoja na gamba 15,000. Jumla 21,200. Kuna maduka ya bei nafuu kidogo kwa kuchapa, lakini sijaona anayeshona.

Kasoro zipo. Jenereta hakuna, na umeme ukikatika mnakaa; mimi nilikaa saa moja na nusu. Jumamosi kuanzia saa nne foleni ya wanafunzi inafika barabarani, kwa hiyo nenda asubuhi mapema. Magamba yana rangi tatu tu: nyeusi, bluu na damu ya mzee. Na herufi za dhahabu za kupiga mgongoni ni hizi zetu za kawaida, hawana za Kigiriki, ndiyo maana changu kimeandikwa HOMERI I.

Nawapa 9 kati ya 10. Tangu nikipate nimefika mstari wa 157, pale shujaa Akile (Achilles) anapotaja vinavyoitenga nchi yake na Troya. Nimeandika upande wa kushoto, kwa penseli: milima yenye vivuli, na bahari ivumayo. "Ivumayo" nimeshaifuta mara mbili nikairudisha. Jumamosi ijayo nawapelekea kitabu cha 6, mistari 529, na safari hii wenzangu wawili wameniagiza nakala zao.