TAHADHARI: Kuna jamaa anauza akaunti za "gemu 200 orijino" Kigoma, msimpe hela

Wenye vibanda vya gemu wa Mwanga, Ujiji, Gungu, Katubuka hadi Kibirizi, na nyie wanachuo mnaopenda vya bei chee, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anazunguka na laptopu, mchangamfu, maneno yamemjaa, anauza akaunti ya duka la gemu la mtandaoni kwa shilingi 85,000. Anakwambia ndani mna gemu 200 orijino, si za kuchakachua, ukilipa leo ni zako maisha. Wengine anawapatia WhatsApp, anawatumia video akishusha orodha ya gemu mpaka unachoka kuangalia. Jina lake sitaji kwa sababu hata sisi hatulijui. Gungu alijitambulisha kwa jina hili, Ujiji kwa jingine, na laini anayopokelea hela imesajiliwa kwa jina la mwanamke.

Mimi ni fundi simu na kompyuta, kwa hiyo mambo ya namna hii huishia mezani kwangu. Wa kwanza kuja alikuwa dada mmoja mwenye kibanda Mwanga. PS zake zimechoka, pedi zinaishi kwa gundi, akaona bora ahamie kwenye kompyuta. Akaja na laptopu kwapani. "Kaka, hebu niangalizie hii kitu, watoto wanakataa kulipa."

Nikaiwasha. Orodha ipo kweli, tena ndefu. Nikaanza na ya mpira, maana kibanda bila mpira ni njaa. Picha ya nje inavutia: mchezaji kapaa hewani, jukwaa limefurika. Ingia ndani sasa. Uwanja mtupu wa kijani, hakuna shabiki hata mmoja, wachezaji wote sura moja, wawili wanakimbia bila kusogea. Nikapiga shuti. Mpira ukapita katikati ya tumbo la kipa, ukapita nyavu, ukaendelea na safari zake. Kulikuwa na mtoto kamfuata yule dada kutoka kibandani, akaangalia kidogo akasema, "Shangazi, huyu kipa ni jini."

Tukafungua ya kuua mazombi: msitu, nyumba moja ya mbao, gari jekundu limepinduka. Tukafungua ya uwindaji: msitu ule ule, nyumba ile ile, gari jekundu lile lile limepinduka. Tukafungua iliyoandikwa kwamba ni mashindano ya magari. Uko kwa miguu, msitu ule ule, na gari pekee unaloliona ni lile lililopinduka.

Tukiwa bado tunacheka, skrini ikatuandikia kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine, tukatolewa nje. Hapo dada hakucheka tena. Baadaye tukampata "mwenzetu" wa upande wa pili, kijana wa Ujiji, naye alikuwa analalamika kwamba kila jioni kuna mtu anamtoa kwenye akaunti yake aliyoilipia. Wote wawili wana pasiwedi, ila barua pepe ya akaunti anayo muuzaji. Siku akitaka anabadilisha pasiwedi, anauza tena kwa mwingine.

Hilo la akaunti moja kuuzwa kwa watu wengi tumelizoea, wizi wa kawaida. Kinachonifanya niandike kirefu ni lile jingine, maana pale ndipo jamaa anapowashinda watu kwa hoja. Dada alipompigia kulalamika, alijibiwa: "Dada yangu, mimi sijakuuzia feki. Ingia duka rasmi utafute jina la gemu, utaikuta pale na bei yake." Akatafuta, akaikuta. Akaishiwa maneno.

Ni kweli zipo pale. Lakini gemu kuwepo kwenye duka kubwa hakumaanishi kwamba kuna mtu wa duka aliyekaa akaicheza akaridhika nayo. Mama anayenunua dagaa Kibirizi hupekua fungu mpaka chini kabla hajatoa hela. Kwenye haya maduka hakuna anayepekua kwa niaba yako.

Duka la safari hii nisilitaje, maana aliyeiba si duka, ila chukueni mfano wa Steam, duka kubwa kuliko yote kwa gemu za kompyuta, la kampuni ya Valve ya Marekani. Lilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi Valve wenyewe ndio waliochagua nini kiingie. Watengenezaji wadogo wakalia kwamba mlango ni mwembamba. Mwaka 2012 wakaleta utaratibu wa wateja kupigia kura gemu zinazostahili kuingia. Watu wakawa wanagawa gemu bure ili wapigiwe kura, yaani takrima ile ile tunayoijua. Juni 2017 wakaufuta, wakaweka ada: lipa dola 100 kwa kila gemu, ingiza. Na hiyo dola 100 unarudishiwa gemu ikishauza dola 1,000. Mwaka 2018 Valve wakatamka wazi kwamba wataruhusu kila kitu isipokuwa kilicho haramu kisheria au kilicholetwa kwa kukejeli tu. Wanakagua kama gemu inawaka, kama inafanana na maelezo yake na kama haina madhara. Kama ni nzuri au mbovu, hilo wamekuachia wewe. Mwaka 2024 ziliingia gemu zaidi ya 18,000, karibu 50 kila siku. Nani atazicheza zote?

Msitu unaojirudia nao una maelezo. Programu za kutengenezea gemu, kama Unity, zina soko lake ambako unanunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa: miti, nyumba, mazombi, hata gemu nzima ya mfano. Kununua ni halali, watengenezaji wazuri wananunua pia na kuvifanyia kazi. Wale wengine wanachukua ule mfano kama ulivyo, wanabadilisha jina na picha ya nje, wanapandisha dukani. Kesho wanabadilisha jina tena. Septemba 2017 Valve ilifagia kwa mkupuo gemu zaidi ya 170 za mtengenezaji mmoja aliyekuwa akifanya mchezo huo.

Mtauliza, gemu ya chini ya dola moja isiyochezeka inamlipa nani? Steam ina kadi ndogo za picha unazozipata kwa kucheza, na zinauzika sokoni kwao. Wajanja walitengeneza gemu za hovyo, wakagawa leseni (namba za kufungulia gemu) bure kwa maelfu ya akaunti zinazoendeshwa na programu, zile akaunti "zikacheza" na kuuza kadi. Valve walibana hilo mwaka 2017, kadi hazitoki mpaka gemu ionyeshe kwamba inachezwa na watu kweli. Ila takataka zilizokwisha kuingia zimebaki nyingi, na leseni zake zinauzwa kwa mafungu kwa bei ya kutupa. Kwenye mafungu ya namna hiyo ndiko mtu wetu anakookota hizo 200 zake.

Msidhani kubana mlango kunamaliza kila kitu. Apple wanatoza dola 99 kwa mwaka na wana watu wanaokagua kila apu, lakini Desemba 2017 ilipenya nakala bandia ya gemu maarufu iitwayo Cuphead ikauzwa kwenye duka lao, wakati gemu yenyewe haikuwa imetoka kwa ajili ya simu kabisa. Play Store ya Google wanatoza dola 25 mara moja tu, basi. Na zamani soko likiwa holela ilikuwa balaa zaidi: Marekani mwaka 1983 biashara nzima ya gemu za nyumbani ilianguka, na moja ya sababu ni kanda za gemu (zile kaseti za kuchomeka kwenye mashine) za hovyo zilizojaa madukani mpaka wateja wakasusa. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, walipoingia huko mwaka 1985 waliweka chipu ndani ya mashine ili kanda isiyoidhinishwa nao isiwake, na muhuri wao juu ya boksi. Hata hivyo kanda mbovu zenye muhuri hazikukosekana.

Kwa hiyo mtu akikufungulia orodha ndefu, usihesabu gemu. Chagua tatu wewe mwenyewe, asikuchagulie yeye, mzicheze hapo hapo. Bonyeza jina la mtengenezaji uone ana gemu ngapi; ukikuta makumi zimetoka ndani ya mwaka mmoja na picha zinafanana, funga laptopu umrudishie. Soma maoni ya wateja, hasa yale mabaya, na uangalie kila mmoja amecheza saa ngapi, Steam wanaonyesha. Mtu aliyesifia "gemu bora ya maisha yangu" baada ya dakika sita huyo ni ndugu yake mwenye gemu. Maoni ya waliopata gemu kwa leseni ya kununuliwa nje ya duka hayaingizwi kwenye alama ya jumla tangu 2016, kwa hiyo ile alama ina uzito kidogo kuliko picha za nje.

Ukinunua mwenyewe, kwa akaunti yako, una haki ambayo huipati kwa mtu wa laptopu. Steam wanakurudishia hela ndani ya siku 14 kama hujazidisha saa 2 za kucheza. Google Play unaomba ndani ya saa 48. Ukinunua akaunti ya mtu huna chochote: masharti ya Steam hayaruhusu kuuza akaunti, na mwenye risiti za mwanzo akienda kuidai anapewa yeye. Gemu moja ya mpira inayoeleweka, iliyosubiriwa mpaka ishuke bei, inakulipa kibandani kuliko mia mbili za majini.

Na hili msilichukulie utani: Februari 2025 Steam waliondoa gemu iitwayo PirateFi baada ya kugundulika ina kirusi cha kuiba taarifa, wakawaandikia walioifungua kwamba waikague kompyuta yote, hata ikibidi wasafishe mfumo mzima. Hiyo ilipita mlango rasmi. Sasa fikiria faili za gemu anazokuletea mtu kwenye flashi au za simu anazokutumia WhatsApp akisema "ina sarafu bila kikomo". Wengi wenu kompyuta ya kibanda ndiyo hiyo hiyo mnayofungulia barua pepe na akaunti ya benki.

Mliokwisha kuuziwa: badilisheni pasiwedi zote mlizowahi kuandika kwenye hiyo kompyuta, mkitumia kifaa kingine. Msifute meseji ya muamala wala mazungumzo ya WhatsApp, hata kama yanatia hasira. Kama umetuma hela sasa hivi, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, ukisubiri kesho itakuwa imeshatolewa kwa wakala. Meseji yake ya kitapeli itume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo uandike namba yake. Na kwa kuwa laini yake ina jina la mtu mwingine, piga *106# uone kama hakuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda yule mwanamke hata hajui.

Dada wa Mwanga ameshafika polisi, RB anayo. Kijana wa Ujiji naye ameongezwa kama mlalamikaji. Wengine njooni na risiti zenu za miamala kituo hicho hicho, muulizie jalada la akaunti za gemu, ili iwe kesi moja yenye watu wengi badala ya kila mtu kwenda na 85,000 yake peke yake. Taarifa za mwisho ni kwamba jamaa ameonekana stendi ya Kasulu, laptopu begani, namba mpya. Wa Kasulu na Kibondo, mnaye huko.