Mshauri wa jamii yako au wa nje?

Wahindi wengi wa Leicester, Uingereza, wanatoka katika familia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, zikipewa siku 90 tu. Binti wa huko, aliyechoka kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?", akitafuta tiba ya mazungumzo ana njia mbili.

Mshauri nasaha mwenye asili ya Asia Kusini hahitaji kufafanuliwa izzat, ile heshima ya ukoo ambayo binti huambiwa ameivunja kwa kujichagulia mchumba tu. Bibi wa Kipunjabi akisema moyo wake unazama, huyu anasikia huzuni, si ugonjwa wa moyo pekee. Lakini hofu ipo: je, anafahamiana na shangazi hekaluni? Miiko ya kazi inambana kutunza siri, ila hofu haisikii miiko. Tena Asia Kusini si jamii moja: Mhindu wa Gujarat, India, na Mwislamu wa Sylhet, Bangladesh, si wamoja.

Wa nje hana shangazi huyo. Shida ni vikao vya mwanzo kuishia kueleza kwa nini kuishi na wazazi ukiwa na miaka 30 si utumwa.

Mimi ningeanza na wa ndani, anayeishi mji mwingine, kwa simu ya video.