Lamineti ya chumbani kwangu: ilivyovimba masika na nilivyoitandika upya

Mwezi wa nne mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimekolea, nilikanyaga katikati ya chumba cha kulala nikahisi sakafu inabonyea kisha inarudi juu. Lamineti (mbao za sakafu za kuchomekana) niliyoweka Januari, ya milimita 8, daraja la AC4 (kipimo cha uimara wa uso dhidi ya kuchubuka), ilikuwa imetuna katikati. Nilikaribia kuitupa yote. Sasa inatimiza mwaka wa pili na bado naipenda, kwa hiyo nataka kueleza kilichotokea, maana wengi wanailaumu bidhaa kwa kosa la utandikaji.

Tunaishi Tegeta, Dar es Salaam, nyumba ya chini. Chumba ni mita 3.6 kwa 4.2. Nilinunua maboksi 7, kila moja mita za mraba 2.4, yaani eneo la chumba na kama asilimia kumi ya kukatika.

Nilipong'oa skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) nikaona kisa. Mbao zilikuwa zimebanwa hadi ukutani pande zote nne, na skatingi imepigiliwa misumari inayopita kwenye mbao zenyewe. Fundi wetu alikuwa mzuri wa marumaru, na siku ile aliniambia, "Bosi, nikiacha nafasi utasema kazi chafu." Lakini marumaru haitanuki kama lamineti. Ndani ya lamineti kuna unga wa mbao ulioshindiliwa, na hewa ya pwani ikijaa unyevu, ule unga unavuta na ubao unatanuka. Ukikosa pa kwenda, unapanda juu. Inatakiwa iachwe kama milimita 10 kuzunguka chumba kizima, hata kwenye fremu za mlango, halafu skatingi ifunike ule mwanya ikiwa imeshikwa na ukuta, si na sakafu.

Mimi na mdogo wangu tukafungua mbao zote, tukiziandika namba kwa penseli. Hapo likajitokeza la pili: chini kulikuwa na sponji tu, bila nailoni ya kuzuia unyevu wa zege. Nikabandika kipande cha nailoni juu ya zege, kingo zote kwa utepe wa gundi, nikakiacha siku mbili. Nilipokifunua kilikuwa na matone kwa ndani. Tukasubiri mvua zikatike na zege likauke, ndipo tukatandaza nailoni nzito ya milimita 0.2, vipande vikipandana sentimita 20, kisha sponji juu yake.

Kabla ya hapo tulisawazisha. Hii kazi ndiyo iliyotuchosha kuliko zote, na ndiyo iliyoondoa ule mlio wa kwaru kwaru niliokuwa nikiusikia usiku. Tulilaza rula ya mita 2 kila upande. Palipoachia zaidi ya milimita 3 tulijaza mchanganyiko wa kusawazisha, palipoinuka tukasaga. Sponji nene haizibi shimo. Inabonyea tu, na kila ukikanyaga viungio vinasuguana mpaka vinalegea.

Mbao nne zilikuwa zimevunjika ndimi (kingo zinazochomekwa kwenye mfereji wa ubao wa pili) kwa sababu zilipigwa nyundo moja kwa moja. Vipande vya akiba vilituokoa. Safari hii tuliweka kipande cha ubao kati ya nyundo na lamineti, tukafagia kila mfereji kwa brashi kabla ya kuunganisha, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuacha ufa. Viungio vya ncha tulivipishanisha sentimita 30 au zaidi. Mlangoni tulikata fremu kwa chini ili ubao uingie ndani yake badala ya kuuchonga uizunguke, na panapendeza sana.

Kuhusu bidhaa yenyewe: uso wake haujachubuka, na miguu ya kitanda haijaacha alama. Maji ndiyo adui yake. Mtoto alimwaga kikombe cha maji, yakakaa sakafuni usiku kucha, na kingo za mbao mbili zimeinuka mpaka leo. Tunadeki kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Kwa chumba cha kulala na sebule ningeinunua tena. Jikoni na kwenye korido ya kwenda bafuni nimeweka marumaru, na fundi ni yuleyule.